Somo la Simba

Siku Mwalimu alipotokea mlangoni kwa Fundi na mkongojo na mfuko wa nguo, cherehani zote zilinyamaza. Sisi tunaoshona pale tulimjua kwa kusimuliwa tu: baba wa kambo wa Fundi, aliyefundisha baiolojia hadi akastaafu. Kaburi la mama yake Fundi halijakauka, alimtoa binti nyumbani yeye na godoro lake. Akamwambia, "Simba dume akimchukua jike, watoto wa dume la kwanza huwaua. Mimi nakufukuza tu, shukuru. Maumbile hayamdai mtu kulea damu isiyo yake."

Sasa kavunjika nyonga, na wanawe wa damu wanamsukumiana kama sahani chafu.

"Mwanangu," akaanza.

"Wa nani?" Fundi hakuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Simba dume akizeeka hufanywaje, Mwalimu?"

Mzee akajibu, "Hufukuzwa kundini."

"Na fisi?"

"Humsubiri."

Mpiga pasi alicheka hadi akaunguza kola ya watu. Mimi nikamnong'oneza Fundi, "Mfungie, dada. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nilijua hamu yake. Miaka yote aliota kuufunga mlango ule mbele ya uso ule. Akauendea, akashika komeo, akasimama.

"Nikifunga," akasema, "ataenda kwenye baraza za watu aseme, mnaona, nilifundisha kweli. Raha hiyo simpi."

Akamvutia kiti katikati ya duka, wanapopita wateja wote. Kwetu anayekaa hakai bure, hata mgeni. Akamtupia wembe na gauni la kufumua.

"Utalala chumba cha nyuma. Utakula tunachokula. Na mteja akiuliza wewe ni nani wangu, utamjibu mwenyewe."

Hata pindo la kwanza hajalimaliza, akaingia mama wa jirani kuchukua sare za wanawe, na mama yule mdomo wake hauna kufuli.

"Fundi, huyu mzee ndiye babako?"

Fundi akaendelea kukata kitambaa.

"Mimi si damu yake," Mwalimu akasema.

"Sasa mbona amekupokea na mfuko wako?"

Mtu aliyezoea kujibu madarasa mazima akainamia gauni, akafumua uzi mwingine.

"Mpe chai," Fundi akaniambia. "Itie sukari ya kutosha. Kesho ataulizwa tena."