Upepo wa Nesi na Kidole cha Mjomba

Mjomba wangu ni fundi baiskeli, na wateja wanamwita Gumba kwa sababu ya kidole chake. Ukimletea tairi hakuulizi unaliendesha wapi wala una uzito gani. Analibonyeza kwa kidole gumba, anafumba macho kama anasikiliza habari za mbali, halafu anatoa hukumu. "Laini." Au "gumu." Au "sawa." Kwake yeye, tairi la sawa ni lile ambalo ukiligonga kwa kucha linalia. Chini ya hapo ni uvivu wa kupiga pampu.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuja karakana nilipomaliza darasa la saba, na kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuosha minyororo kwa mafuta ya taa, kuziba pancha na kunyamaza. Kuziba pancha nilijifunza kwa wiki moja. Kunyamaza nilikuja nako kutoka nyumbani, na mtu akinyamaza sana anaona mengi. Niliona, kwa mfano, kwamba kidole cha mjomba kina sugu nene kama kisigino. Ungekichoma sindano kingeuliza nani anabisha hodi.

Kipimo cha upepo tulikuwa nacho, kimelala kwenye droo chini ya misumari: kiduara kama saa, kina mshale na namba. Mjomba alikiita saa ya wavivu. Kila alipokwenda kunywa chai nilikitoa nikapima yale matairi aliyoyaita sawa. Moja lilikuwa ishirini na nane, jingine hamsini na mbili. Sawa ya asubuhi na sawa ya baada ya kula hazikuwa hata na undugu.

Ilikuwa Jumatatu moja. Alikuja nesi wa zahanati, mwanamke mwembamba anayependa mbio za baiskeli za mlimani. Kila mwaka anashiriki, na miaka miwili mfululizo ameanguka kwenye mteremko wa mawe. Mwaka wa kwanza alivunjika kifundo cha mkono, wa pili jino. Mbio nyingine zilikuwa Jumamosi.

"Gumba, haya matairi yananirusha kama bisi kwenye kikaango," alisema.

Mjomba akabonyeza. "Yako sawa. Wewe ndiye mwepesi. Kula ushibe."

Kwenye benchi alikaa muuza nyama, mtu wa kilo mia na ushei, anasubiri baiskeli yake. Mjomba alikuwa amemjazia upepo uleule.

Hapo ndipo shetani wangu mdogo alipoamka.

"Mjomba, tufanye mchezo kidogo," nikasema. "Nakuletea magurudumu matatu yamefunikwa gunia. Uyapime bila kuyaona."

Mbele ya wateja angekataaje? Nikamletea la kwanza. "Laini," akasema. Nikaenda nyuma ya pazia, nikarudi. "Gumu! Hili litapasuka." Nikaenda, nikarudi tena. Akafumba macho, akatabasamu. "Hili sasa ndilo sawa. Mmeona tofauti?"

Nikavuta gunia. "Mjomba, ni hilohilo moja. Sikuleta jingine."

Muuza nyama alicheka mpaka benchi likalia. Nesi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mjomba hakucheka.

"Unapenda sana kupima, siyo? Jumatatu ijayo unapanda basi kwa mama yako mkubwa, akufundishe kushona. Ana tepu ndefu. Pima mpaka ushibe!"

Mama mkubwa ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini gurudumu likizunguka mkononi mwangu bila kuyumba, moyo wangu unatulia, na sindano haijawahi kunitendea hivyo hata siku moja. Nikainama juu ya beseni la minyororo ili wasinione uso.

"Kabla hujamfukuza," nesi akasema, "matairi yangu ya Jumamosi anijazie yeye."

"Sawa," mjomba akajibu. "Ukimaliza mbio bila kuanguka kwa upepo wake, abaki, na stuli ya fundi nampa. Ukianguka, basi linamsubiri."

"Nikianguka nitakayeng'oka jino ni mimi, ninyi mnagombea stuli."

Tulianza kesho yake alfajiri, kabla jua halijapasha matairi moto, maana upepo ukipata joto unapanda namba. Kwanza nesi alijipima kwenye mizani ya zahanati akiwa na kofia, viatu na maji yake: kilo hamsini na nne. Halafu tukaenda kwenye njia ya nyuma ya ghala, yenye mawe na mizizi. Mwendo uleule, mteremko uleule, kipimo kilekile. Kwa arobaini baiskeli iliruka. Kwa thelathini iliruka kidogo. Nikawa napunguza mbili mbili, na la mbele kila mara nikiliacha chini ya la nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mtu alikokaa.

La mbele lilipofika kumi na tisa, rimu ya chuma ikagonga jiwe, ko! Tyubu ikatoboka matundu mawili yaliyokaa pamoja, kama imeumwa na nyoka.

"Mdogo wangu, ndiyo umeniua," nesi akasema, amekaa chini.

"Hapana, dada. Sasa tumejua mwisho ulipo."

Nikapandisha. Ishirini na mbili mbele, ishirini na tano nyuma. Alishuka mara nne, mara ya nne akashuka akiimba. Nikaziandika namba kwenye kipande cha boksi.

Ijumaa saa kumi mjomba alianza kuwa mwema. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza baiskeli ya nesi kesho itasimama upande gani, na nani ataiangalia nesi akienda kuchukua namba yake ya mbio. Kisha nikamwona anaificha pampu ndogo ndani ya koti lake la Jumamosi. Alipokwenda kunawa, niliifungua pampu, nikatoa ile ngozi ya ndani inayosukuma upepo, nikaifunga kama ilivyokuwa. Pampu bila ngozi inapanda na kushuka tu, haijazi hata puto.

Jambo moja lilinisumbua. Kila ukifungua mpira wa pampu kwenye valvu, upepo kidogo unatoroka. Kwa hiyo asubuhi ya mbio nikaongeza namba moja mbele na moja nyuma. Hiyo ilikuwa akiba ya kufidia atakachopoteza mjomba.

Nesi alipokwenda kuchukua namba nilijificha nyuma ya tangi la maji. Mjomba akatazama kulia, akatazama kushoto, akachomoa pampu. Alipiga! Nilihesabu mara sitini kila tairi.

"Ebo! Leo mkono umerudi ujanani," alijisemea. "Pampu inashuka yenyewe."

Akabonyeza kwa kidole, akafumba macho. "Sawa."

Niliuma kanga yangu nisicheke.

Tulikwenda kusimama kwenye mteremko wa mawe, mjomba, muuza nyama na mimi. Waendeshaji walishuka wakirukaruka. Mmoja aliingia kichakani, baiskeli ikaendelea peke yake. Nesi akatokea. Tairi la mbele lilikutana na jiwe lile lililomwangusha mwaka jana, likabonyea kidogo, likalishika kama kiganja, likapita. Kisha jingine. Kisha mizizi. Alimaliza wa tisa, tope mpaka nyusi, meno yote mahali pake.

"Mmeona!" mjomba akapaza sauti. "Mtoto alimwekea upepo wa mgonjwa. Asubuhi nimeuongeza mwenyewe, kwa mkono huu!"

"Kumbe binti ameshindwa?" muuza nyama akauliza.

"Ameshindwa. Jumatatu basi."

Nikamsogelea sikioni. "Mjomba, ile pampu haina ngozi. Ninayo mimi."

Akanigeukia. "Tangu lini?"

"Tangu jana saa kumi."

"Kwa hiyo asubuhi mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa unafanya mazoezi, Mjomba."

Kidevu kikamcheza. Sikujua kama ni hasira au kicheko, na nadhani naye hakujua.

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu. Nilikuwa nasubiri nijue habari za basi."

Mjomba akatoa simu, akampigia mama mkubwa palepale. "Dada, yule mtoto haji tena... Hapana, haumwi... Kichwa chake hakiwezi kushona, atakuharibia vitambaa vya watu... Nitabaki naye, nifanyeje, damu ni damu."

Muuza nyama akamshangaa. "Gumba, si umesema ameshindwa?"

"Mtu mzima husamehe," mjomba akasema kwa sauti, wote wasikie. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo, kiganja wazi, unanidai ngozi ya pampu.

Sikumpa. Nilimnong'oneza kwamba nitaipachika mwenyewe Jumatatu, nikishakaa kwenye stuli.