Sakafu ya Nyuma ya Nyumba, Kagondo

Wenye nyumba wa Kashai wamenifukuza mara saba, na kosa ni lile lile: dagaa. Ninawanunua visiwani Muleba, lakini mvua ya Bukoba inawarudishia unyevu, lazima niwaanike upya. Sasa harufu nifanyeje, niifunge kamba? Mimi Zuena nikaapa, nyumba ya nane itakuwa yangu, na hapo nimwone wa kunitoa.

Twaibu dalali akanipeleka Kagondo, kwenye mtaa mpya uliopimwa: nyumba ishirini zinazofanana, bati za kijani, barabara zimenyooka. Zamani, akasema, kilima chote kilikuwa kibanja cha mzee mmoja, migomba na kahawa, na watoto wake wakauza. Sikumsikiliza sana. Macho yangu yalikuwa nyuma ya nyumba ya mwisho, kwenye sakafu ya saruji iliyoinuka hadi magotini, laini, inapigwa na jua tangu asubuhi. Kwingine kote kulikuwa na nyasi tu. Nikauliza ile ni ya nini. Twaibu akakohoa, akasema imekuja na kiwanja. Nikalipa siku ile ile, nisije nikawahiwa.

Jamani, dagaa walikauka! Mwezi mzima niliwatandaza pale. Kila jioni nawazoa, nafagia, nikichoka nakaa pembeni nanywa chai yangu.

Siku mbili kabla ya Krismasi wakaingia watu tisa na majembe na maua, wakiongozwa na bibi mmoja mwenye fimbo, Kemilembe. Wakasema wamekuja kumsafishia baba yao. Nikawaambia humu naishi peke yangu, sina baba wa mtu. Wote walikuwa wanawatazama dagaa wangu.

Ndipo akili ikanijia. Kwetu visiwani tunazika mchangani, tunafukia, basi. Ningejuaje kwamba Wahaya wanawazika wazee wao nyumbani na kuwajengea kwa saruji? Mdogo wake bibi, Rwegasira, akaanza kufoka: nimemdhalilisha marehemu, hapa sikai tena, niondoke leo. Nikawa nazoa dagaa kwa mikono huku machozi yananitoka, namwomba radhi aliye chini na walio juu. Nilijua ndiyo basi, nafukuzwa tena, na safari hii kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Bibi Kemilembe akaketi pembeni ya kaburi, akaokota dagaa mmoja, akamnusa.

"Baba alikuwa mkali," akamwambia Rwegasira. "Mgeni asiyempenda hakulala hapa hata siku moja. Huyu ana mwezi mzima, na kila jioni anamfagilia. Wewe mara ya mwisho kumfagilia ilikuwa lini?"

Rwegasira akachukua ufagio wangu, akaanza kufagia polepole. Nikafuta machozi, nikamwonyesha pembe aliyoiruka.