Kitindamimba wa Bibi Moeun

Malis alileta karatasi mezani kwa mama yake, Thavry, akiwa amekunja uso, akasema bibi amekosea tena.

Ilikuwa Alhamisi, wiki mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kikambodia. Pale Kituo, kituo cha jamii ya Wakambodia, vijana walikuwa wamepewa kazi ya kukaa na wazee baada ya chakula cha mchana na kuwauliza mwaka wa kweli waliozaliwa, wao na watoto wao. Mwaka wa kweli, si ule wa kitambulisho. Ukiamini vitambulisho, nusu ya wazee wa Kikambodia wa mji wa Lowell, Amerika, walizaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu karani wa kambi ya wakimbizi alipokosa tarehe aliandika hiyo na kumwita anayefuata. Wazee wenyewe wanahesabu kwa wanyama: mwaka wa Panya, wa Ng'ombe, wa Chui, wa Sungura, wa Joka, hadi watimie kumi na wawili, kisha wanaanza upya. Siku ya sikukuu majina yote yangebandikwa ukutani, kila mtu chini ya mnyama wake.

Thavry ndiye aliyebuni kazi hiyo. Ajira yake pale Kituo ni kuwajazia watu fomu za matibabu, za shule, za uraia, na kwa miaka kumi na mitano ameandika umri wa uongo wa watu wengine bila kusita. Alidhani kwao hakuna cha kurekebisha.

Akasoma. Moeun, Mbuzi. Watoto: Phalla, Sungura. Thavry, Joka.

"Amewageuza," Malis alisema. "Si wewe ndiye Sungura? Nimemwuliza mara tatu, anasema niandike nilivyoambiwa."

Thavry alikwenda ukumbini. Mama yake alikuwa bado anakula mchuzi wa ukwaju na kambare, akitoa miiba na kuipanga kwenye ukingo wa sahani kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Thavry akamwonyesha karatasi. Bibi Moeun akaitazama, akasema mjukuu wake ana mwandiko mzuri.

"Mama, mimi ni Sungura."

"Wewe ni Joka. Sungura ni mdogo wako. Yaani dada yako mkubwa."

Akaeleza huku anatafuna. Kule kambini, mpakani mwa Thailand, maziwa yalikuwa ya watoto wasiotimiza miaka minne. Phalla alikuwa ametimiza, lakini homa ilikuwa imemla akabaki kama mwanasesere. Thavry alikuwa mdogo kwa mwaka na miezi, ila bibi yake alimlisha vyura njia nzima ya kukimbilia mpakani, akafika kambini na mashavu. Karani alipouliza nani mkubwa, mama akamwonyesha yule wa mashavu. Phalla akapata maziwa. Na kwa kuwa makarani walikuwa na tabia ya kuwahoji watoto, jioni ile ile aliwakalisha akawafundisha: wewe utaitwa dada, wewe utaitwa mdogo.

"Halafu?"

"Halafu mkazoea."

Thavry akauliza kwa nini hakusema walipofika Amerika. Mama akamwuliza kama alitaka warudishwe. Na walipopata uraia?

"Wakati huo ulishazoea kutoa amri," alisema Bibi Moeun, akanyanyua bakuli kunywa mchuzi uliobaki.

Thavry alirudi mezani kwake. Mzee mmoja alikuwa anangoja kujaziwa fomu ya miwani. Alipomaliza, mzee akaisoma na kusema kwa adabu kwamba yeye haitwi Thavry.

Si kwamba hakuelewa maneno ya mama yake. Aliyaelewa moja moja; yakikaa pamoja ndiyo hakujua ayaweke wapi. Kwa sababu ya kuwa mkubwa aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba na kwenda kuunga nyaya kiwandani, ili Phalla asome. Phalla akasoma, akawa mfamasia. Kwa sababu ya kuwa mkubwa alimtafutia Phalla daktari wa meno, alimfukuzia wanaume wawili wasiofaa, alimkubalia wa tatu. Hata cheti chake cha chuo alikipata akiwa na watoto, kwa masomo ya jioni, na aliyemfundisha hesabu alikuwa mdogo wake. Au dada yake.

Na lilikuwapo jambo la Texas. Vichet, mume wa Phalla, alikuwa amepata kazi huko, nyumba yao ilishauzwa, na mwisho wa Aprili wangehama na Bibi Moeun, aliyekuwa akiishi kwao. Thavry alikuwa ameomba mama abaki kwake. Phalla akamjibu kwamba mama hukaa kwa kitindamimba, ndiyo desturi, "na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo, dada." Kweli alimfundisha. Mama alipoulizwa aliwajibu wote wawili jibu moja: popote mtakaponiweka. Lakini mama huyo huyo kila Jumapili alikuwa hekaluni, na Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa pale ukumbini na wanawake saba aliokuwa nao kambini, wakigombana kuhusu chumvi.

Ndipo likamjia wazo lililomnyima raha kabisa. Itakuwaje kama mama ametunga, ili kitindamimba awe Thavry? Bibi Moeun hajawahi kumwambia mtu hapana maishani mwake. Akikataa chakula husema ameshiba. Akikataa mgeni husema mgongo unamuuma. Akikataa Texas angesemaje?

Thavry akaanza kuchunguza kama anavyochunguza fomu za watu. Alimpigia simu shangazi yake aliyeko Stockton. Shangazi alikumbuka mtoto mnene na mtoto mwembamba, akakumbuka hata kilio cha yule mnene, lakini nani alitangulia, hapo akasema amwulize aliyezaa. Thavry alitoa picha ya kambini, watoto wawili mbele ya kibao chenye namba: urefu sawa, nywele zimenyolewa sawa, macho sawa ya woga. Alimwuliza tena mama Jumamosi. Mama akasema Thavry alizaliwa wakati wa kupandikiza mpunga, mvua inamwagika. Baada ya chai akasema ilikuwa wakati wa kuvuna. Thavry akamkumbusha mvua. Mama akasema siku hizo mvua ilikuwa inanyesha tu.

Jumapili walikutana kwa Phalla, katikati ya maboksi, kupanga safari ya mama. Kikao cha familia hufunguliwa na mkubwa. Miaka yote Thavry alikaa kwenye kiti cha dirishani na wengine mkekani. Safari hii aliketi mkekani. Wote wakamngoja.

"Mgongo umekuuma, dada?" Phalla aliuliza. "Kaa kwenye kiti utufungulie kikao. Vichet ana mpira saa tisa."

Thavry aliunganisha viganja, akaviinua hadi puani, kama anavyosalimiwa mtu aliyekutangulia kuzaliwa. Hawakuwa wamesalimiana hivyo tangu utotoni, na hata utotoni viganja vilivyopanda juu vilikuwa vya Phalla. Akamwambia, "Dada, kikao fungua wewe." Kisha akaeleza yote: Sungura, Joka, vyura, maziwa.

Phalla kwanza alicheka. Halafu akamtazama mama, ambaye alikuwa anamenya chungwa, na kicheko kikamwisha. Akasema hii ni njama, wamekaa Kituo wakapika hadithi wao wawili. Thavry akamwambia kwamba naye alidhani hivyo, na bado kuna saa anadhani hivyo. Phalla akamwuliza mama kama ni kweli.

"Mlinywa maziwa wote wawili," Bibi Moeun alisema. "Uliyepewa ni wewe, lakini ulikuwa unambakishia."

Phalla aliinama. Alipoinua kichwa, sura yake ilikuwa imebadilika.

"Sawa. Mimi ni mkubwa. Basi mkubwa ndiye anayeamua, au desturi hiyo haimo leo? Naamua mama anakuja Texas."

Hilo Thavry hakuwa amelipigia hesabu. Kitindamimba hukaa na mama, ndiyo, lakini neno la mwisho ni la kifunguamimba, na neno hilo alikuwa amelitoa kwa mikono yake mwenyewe dakika tano zilizopita. Jibu lilimjaa mdomoni. Wiki iliyopita angelisema, na angeshinda. Akainamisha macho.

"Sawa, dada."

Mama aligawa chungwa. Vichet akauwahi mpira wake.

Jumatatu Phalla alipiga simu kuuliza kama watoto wahamishwe shule sasa au wangoje muhula uishe. Thavry akamwambia, wewe ndiye mkubwa, amua. Jumanne alipiga kuhusu kabati la vyombo. Jumatano kuhusu mchango wa hekalu, kisha akapiga tena kwa sababu shemeji yao mmoja na binamu hawasemezani na lazima mtu awapatanishe kabla ya sikukuu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Thavry hakuwa anamkomoa. Alikuwa anajaribu kwa dhati kuwa mdogo, na aliona kazi ile ngumu kuliko kiwanda: kujua jambo na kulinyamazia. Nyumbani alimkuta Malis anaosha vyombo akashindwa kukumbuka kama alimwagiza au la.

Siku ya Mwaka Mpya ukumbi ulijaa. Vijana walikuwa wamechora wanyama kumi na wawili ukutani na kubandika majina chini yake. Phalla alisimama mbele ya Sungura, akitazama jina lake lililokaa na majina ya wazee wawili asiowajua. Thavry akamsogelea, akainua viganja.

"Acha hayo, watu wanatuangalia," Phalla alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unafanyaje hivi? Kila siku? Watu hawaachi kuuliza. Sijamaliza wiki mbili, nimekonda."

"Utazoea, dada."

"Sitaki kuzoea." Alilifuta jicho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Huyo mama kila nikimwamsha asubuhi, kitu cha kwanza anauliza leo Kituo wamepika nini. Texas atamwuliza nani? Mchukue. Usinibishie, ni amri. Na nitapiga simu kila Jumapili na utaniambia la kufanya, hiyo nayo ni amri."

Thavry hakujua kama hapo ameamriwa na mkubwa au ameombwa na mdogo. Alisema ndiyo.

Walikwenda pamoja kumwambia mama. Bibi Moeun alikuwa mezani na wenzake saba, anaonja mchuzi wa mtu mwingine na kusema umepungua chumvi. Akawasikiliza hadi mwisho, akasema popote mtakaponiweka. Chini ya meza, kati ya miguu yake, kulikuwa na begi lililofungwa kwa kitambaa chake cha kichwa, na sufuria yake ya wali imechomoza juu.

Phalla akaliona begi. Thavry akaliona pia. Hawakutazamana.

Mama alinyoosha shingo kuelekea ukutani, akakunja macho kusoma, kisha akamwita mjukuu wake.

"Malis, nani amembandika mama yako kwenye Joka?"

"Wewe, bibi. Si ulisema mwenyewe?"

"Eh," alisema Bibi Moeun. Akafikiri kidogo. "Basi mwache hapo hapo."

Thavry aliinama, akalivuta begi. Lilikuwa zito. Phalla akashika mshikio wa pili, na wote wawili, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie, wakakwama pale pale kati ya viti.