Mikono ya Teresina

Babirye alikuwa amekwisha kukata shauri: Jumatatu angepanda basi arudi Uganda na mtoto wake, kwa watu wanaojua kupokea mtoto. Amechoka! Mama mkwe gani huyu, anakaa nyumba moja na mjukuu tangu azaliwe, hajamgusa hata kwa kidole?

Na si kwamba Teresina ni mvivu. Mikono anayo na kazi anaipiga. Anapika uji wa mzazi, anafua nepi, anafagia ua wao wa mtaa wa Lemon Gaba mpaka unang'aa. Lakini mtoto akilia, anamwita Babirye. Mtoto akicheka, anamtazama kwa mbali, mikono kaificha ndani ya kitenge.

"Ni kwa sababu mimi Mganda," Babirye alimwambia mumewe. "Mama yako alitaka mke wa kwenu."

"Wapi! Mama ndivyo alivyo," Lemi akajibu, akifunga kamba za viatu vyake vya kazini. "Hata mimi hakuwahi kunibeba. Wengine Mungu hakuwapa mapenzi ya watoto, basi."

Babirye hakuridhika. Na mtu akishaamini jambo, jamani, ushahidi haumpigi chenga. Supu ikipungua chumvi, ni dharau. Teresina akinyamaza, anamsengenya moyoni. Akimchangamkia, ah, anajifanya. Hata zile nepi nyeupe kwenye kamba, Babirye aliziona zinamwambia: wewe hujui kufua.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani akikaanga mandazi ya kupeleka kibandani kwake sokoni Jebel. Kitoto chenyewe, Victoria, kimelazwa mkekani, Teresina kando yake akichambua mboga. Babirye akaingia ndani kuchukua unga. Akasikia kishindo, akatoka mbio. Jiko limepinduka, mafuta ya moto yanakimbilia mkeka. Na Teresina, badala ya kumnyakua mtoto, kaushika mkeka kwa ncha anauburuta kinyumenyume, mtoto juu yake, mpaka ukutani.

"Hata akiungua!" Babirye alipiga kelele. "Hata akiungua humshiki? Amekukosea nini? Jumatatu naondoka naye, Mama. Ubaki na ua wako msafi!"

Teresina akauachia mkeka.

"Nenda naye," akasema. "Ni vizuri. Huko mimi iko mbali, atakua."

"Atakua? Una maana gani?"

"Mikono yangu ni baridi, binti. Kule kambi ya wakimbizi Uganda, kabla ya Lemi, nilizaa wengine. Nikawaogesha mwenyewe, nikawabeba, wakafa wote. Wamama wakasema, Teresina ana mikono baridi, mtoto akishikwa nayo hakai. Sikutaka kuamini. Alipokuja Lemi nikamwambia jirani yangu Florence, mwogeshe wewe, mbebe wewe. Mimi nilimnyonyesha tu, amelala juu ya mto. Si unamwona Lemi? Mwanamume mzima! Sasa niambie nisiamini."

Babirye alifungua kinywa amwambie habari za malaria, za maji machafu ya kambini. Akakifunga. Angemwambia nini, na Lemi anarudi kila jioni mzima wa afya, shahidi wa mama yake? Akazikumbuka zile nepi, zile supu. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama," akasema taratibu, "mimi naitwa nani?"

"Babirye."

"Ni jina la pacha. Kwetu pacha haogopi mkono wa mtu. Mabaya yakimjia, yanamuunguza aliyeyaleta. Na huyu ni damu yangu."

Maneno hayo ya mama yake mzazi aliyacheka miaka yote. Leo aliyasema bila kupepesa, na kabla hajamaliza akajikuta anayaamini kidogo.

"Lete mikono."

Akaishika. "Mbona ya moto, Mama?"

Akamnyanyua mtoto, akamlaza juu ya mikono ya Teresina, akaitegemeza kwa yake, kisha polepole akaiondoa yake. Teresina alikuwa kafumba macho. Victoria akapiga chafya.

"Unaona!"

"Ni vumbi, Mama. Mshike."

Teresina akamshika. Akalia, na huku analia anacheka.

Sitasema imani ile ilimtoka siku hiyo. Mpaka jioni alikuwa akipapasa paji la uso la mtoto kutafuta homa. Lakini alipapasa kwa kiganja chake mwenyewe, na habari ya basi hakuna aliyeitaja.

Lemi aliporudi aliwakuta hivyo, akakwama mlangoni. Babirye akamweleza yote, kambi, Florence, mto.

"Kumbe ulitaka kunibeba," Lemi akamwambia mama yake.

Teresina akamkabidhi Babirye mtoto. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Njoo, baba," akasema. "Na wewe njoo."

Lemi akapiga magoti palepale, na nguo zake zenye saruji ya kazini, akaweka uso mikononi mwa mama yake.