Kivuko Kitolewe

Neno lilikuwa moja, na nililiandika mimi.

Katika mkutano ambao ofisi yetu ya mipango iliwaitia wakazi kuhusu barabara mpya ya mabasi, shangazi yangu, aliyenilea, aliinuka na fimbo yake akaomba kivuko cha miguu mbele ya zahanati. Nikakichora palepale kwa penseli kwenye ramani, na pembeni nikaandika: "Kivuko kitolewe hapa." Nilimaanisha wananchi wapewe. Mchoraji wetu wa ramani, mtu asiyeuliza mara mbili, alielewa kiondolewe. Akakifuta. Ramani safi iliporudi ilikuwa Ijumaa, nami mguu mmoja ulikuwa mlangoni. Nikatia saini bila kuangalia.

Barabara ikajengwa, na uzio wa chuma katikati. Malalamiko yalipoanza, mkuu wa ofisi alimpa mchoraji barua ya onyo. Nilikuwepo. Nikainamia chai yangu kana kwamba kuna kitu nimekidondosha humo. Naona aibu hata kulisema.

Jumapili nilimkuta shangazi ameweka mguu juu ya kigoda. Kidonda chake kinatakiwa kusafishwa mara tatu kwa wiki. Bandeji ilikuwa ya siku tisa. Dirishani pake zahanati inaonekana mpaka nguo zilizoanikwa nyuma, ila kuifikia ni kupanda ngazi za daraja lililo mbali huko.

"Umekonda," akaniambia. "Wanakuonea huko ofisini, eh? Mimi nilikuona kwa macho yangu ukikichora. Kuna mwenye roho mbaya amekifuta."

"Shangazi, twende nikubebe."

"Unibebe mara tatu kwa wiki? Mgongo wenyewe huo wa kukalia kiti? Chukua kalamu, tuwaandikie."

Nikachukua. Akajiweka sawa, akakohoa kama anayehutubia.

"Andika: sisi wakazi tunaomba kivuko kitolewe mbele ya za..."

Mkono ukagoma.

"Mbona huandiki?"

"Tuseme kiwekwe, shangazi."

"Kwani si yale yale?"

"Si yale yale. Hilo neno lako nililiandika mimi kwenye ramani. Mwenzangu akaelewa kiondolewe, mimi nikasaini bila kusoma. Na lawama nimemwachia yeye."

Mabasi mawili yakapita, matupu. Akautazama mguu wake, kisha akanitazama mimi, na sikuwa na pa kuficha macho.

"Basi andika hilo kwanza," akasema. "Halafu ndipo uombe."