Gari Jeupe Pembeni mwa Njia

Ambokile hakuwa na lori tena, wala leseni ya kuendesha chochote chenye magurudumu. Hakuwa na mke. Mama watoto wake alikuwa amelala Rungwe, chini ya migomba ya kwao. Hakuwa na utingo wa kumtuma aweke jiwe nyuma ya tairi, hakuwa na mzigo uliokuwa ukisubiriwa mahali, hakuwa na mtu wa kumpigia simu kumuuliza amefika wapi. Hakuwa na mtoto wa jicho pia, kwa kuwa alikwisha kutolewa kulia na kushoto, na hilo ndilo pungufu alilolishukuru kila asubuhi alipofungua dirisha la chumba chake pale Nkuhungu, Dodoma, akauona mnara wa simu ukiwa mmoja, si mapacha. Lakini kitu alichokikosa kuliko vyote hakumtajia mtu. Hakuwa na njia ya kumwambia Hilda, mke wa mwanawe, asante.

Kwao Rungwe, kwa wanaoishika desturi ya zamani, baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mwanamke huiacha njia, hushuka kwenye majani, huinamisha kichwa na kungoja mpaka mzee apite. Vijana wengi wameliacha jambo hilo kwenye stendi walikopandia basi la kwenda mjini. Ambokile, aliyesoma masomo ya jioni akiwa tayari na mvi mpaka akaweza kusoma gazeti la Kiingereza kwa msaada wa kamusi, asingemlaumu Hilda kama naye angeliacha. Lakini Hilda alilelewa na bibi yake. Msichana huyo mhandisi wa maji, ambaye mafundi wa makamo kule Mwanza walimwita bosi, alipoolewa na Joshua aliamua mwenyewe kuishika desturi. Ambokile alijivunia jambo hilo. Miaka ikaenda, akaja kugundua kwamba alichojivunia kimekuwa ukuta, na yeye amebaki upande mmoja na shukrani zake mkononi.

Shukrani zenyewe zilitokana na macho. Jicho la kwanza lilipofanyiwa upasuaji lilifungwa bandeji, na la pili lilikuwa bado limezibwa na ukungu, hivyo mzee hakuona kitu. Angelina, binti yake anayeishi naye, alikuwa karani Bungeni, na kikao cha bajeti kilimshikilia kutwa nzima. Hilda akaomba likizo, akapanda basi la Dodoma. Kwa kuwa mzee hakuweza kumwona, aliweza kumkaribia. Hakusema neno. Aliufunika mkono wake kwa upindo wa kitenge, akaushika wa mzee na kuuongoza mpaka kwenye bakuli la uji, mpaka kwenye kitasa cha mlango, mpaka kwenye kiti cha barazani ambapo upepo wa Dodoma humrushia mtu vumbi usoni bila kumwomba radhi. Siku bandeji ilipotolewa, Ambokile alirudi nyumbani akitazama kila pembe. Kitenge kilikuwa kimeanikwa uani, kimefuliwa. Hilda alikuwa ameshapanda basi la kurudi.

Sanduku lilikuja kwa njia hiyo hiyo, ndani ya buti la basi kutoka Mwanza. Ndani yake mlikuwa na usukani wa kufunga mezani, kanyagio za mafuta, breki na klachi, kompyuta, na kitabu cha maelekezo.

"Ni mashindano ya magari ya kwenye intaneti, Baba," Joshua alieleza kwa simu. "Usidhani ni gemu la watoto. Gari lina uzito wake. Tairi zinachoka. Breki zikipata moto zinakukatalia. Jumamosi alasiri sisi tunaingia tukiwa huku, wewe unaingia ukiwa Dodoma, tunakutana barabara moja."

"Barabara yenyewe iko wapi?"

"Haiko popote, Baba."

"Mimi nimeendesha maisha yangu yote. Sijawahi kwenda mahali pasipokuwepo."

Alikiweka kile chombo mezani, akakifunika kwa kitambaa cha kochi, kikakaa hivyo kama mgeni aliyekaribishwa kiti lakini hajasemeshwa. Usiku wala mchana hakukigusa. Kitabu cha maelekezo, hicho alikisoma. Alikaa nacho barazani na kamusi pajani, akayafuata maneno moja moja, mpaka akaelewa kwamba usukani ule ungekuwa mzito kwenye kona na mwepesi kwenye barafu, na kwamba ungetikisika gurudumu likigusa ukingo wa lami. Alivutiwa. Hakumwambia mtu kwamba amevutiwa.

Matonya, jirani yake aliyeuza shamba lake la mizabibu kule Makutupora akahamia mjini kwa watoto, alikuja na kishada cha zabibu na maneno yake ya kawaida.

"Mnyakyusa, nasikia umepewa lori lisilokunywa mafuta."

"Linakula bando."

"Likikwama kwenye tope usinipigie simu. Mgongo wangu umestaafu."

"Halina tope, Mgogo. Wala halibebi wachuuzi wa zabibu."

"Basi lina faida gani?" Matonya alikifunua kile kitambaa upande mmoja, akautazama usukani kama anavyotazama ng'ombe wa mnadani. "Mbona ni mzuri. Kwa nini hujauwasha?"

"Nitafanya nini na mchezo? Mtu aliyezishusha tani zake mteremko wa Nyang'oro wakati wa mvua, sasa akae sebuleni azungushe plastiki?"

Matonya alitema mbegu kwenye kiganja. "Unaogopa," alisema bila ubaya wowote. "Unaogopa watoto wakuone umesahau."

Ambokile alicheka, lakini zabibu aliyokuwa nayo mdomoni ilikosa utamu. Rafiki yake alikuwa amegusa palepale. Leseni hakunyang'anywa na mtu. Aliiacha ife yenyewe, na tangu hapo alibaki na jambo moja zuri: hakuna aliyewahi kumwona akishindwa. Watoto wake walimkumbuka akiwa na mikono inayojua. Kwa nini auze kumbukumbu hiyo kwa alasiri moja ya mchezo?

Angelina aliporudi kazini alimkuta baba yake anakifunga kile chombo kwenye sanduku lake.

"Shikamoo, Baba. Tunahama?"

"Marahaba. Nimesoma kitabu chote, nimeelewa. Kirudishwe kwa mwenyewe, akifanyie kazi ya maana."

"Kitabu umekimaliza, usukani hujaugusa." Angelina aliketi, akavua viatu vya ofisini, akasugua vidole. "Baba, unajua mwenyewe ni nani?"

"Si Joshua?"

"Kaka alitaka kukununulia redio. Wifi ndiye aliyekataa. Alisema wakati ule umefungwa macho, kila ukipewa bakuli la uji ulikuwa unalizungusha taratibu. Kulia, kushoto, unarudisha katikati. Wakati mwingine mguu nao unakanyaga sakafu. Anasema alisimama pale mlangoni akijua uji utamwagika, na haukumwagika."

Ambokile alishikilia utepe wa gundi mkononi asijue auweke wapi. Siku zile za giza alidhani yuko peke yake. Alikuwa akishuka Nyang'oro, kona baada ya kona, bwawa la Mtera likingoja mbele, maana mtu asiyeona lazima awe na mahali pa kwenda. Hakujua kwamba safari zile zilikuwa na abiria.

"Jumamosi wanaingia saa ngapi?" aliuliza.

Jumamosi alivaa viatu vya kamba, kwa sababu dereva haendeshi na kandambili. Kabla ya kuketi aliizunguka meza, akaupiga kila mguu wake teke dogo na kuinama kutazama chini, kama alivyolizunguka lori kila alfajiri ya maisha yake ya kazi. Angelina aligeuka upande wa jikoni na kujikohoza ili asicheke.

Barabara ilifunguka kwenye kioo cha kompyuta: mlima wa nchi isiyo na jina, lami nyeusi, majani mabichi pande zote mbili. Ambokile alitia gia, akakanyaga mafuta, na gari likaenda moja kwa moja likabusu ukuta wa kona ya kwanza.

"Punguza kidogo, Baba," sauti ya Joshua ilitoka kwenye kispika.

"Usiongee na dereva."

Aligonga tena. Uso ulimwaka. Kisha, kwenye kona ya kushuka, nyuma ya gari ilianza kuteleza, na kabla hajafikiri mikono yake ilikwisha kuurudisha usukani, mguu ulikwisha kulegeza mafuta. Gari likatulia. Alivuta pumzi ndefu. Mikono ilikuwa imemngoja muda wote, kama mke mvumilivu anayeacha taa ikiwaka. Akashuka mlima, akapanda mwingine, na gari jekundu la Joshua likiwa mbali mbele, yeye akaanza kulikaribia gari jeupe lililokuwa likitembea kwa ustadi katikati yao.

Alipolifikia, lile gari jeupe liliacha barabara. Halikuteleza. Lilipunguza mwendo, likashuka kwenye majani kwa adabu, likasimama mpaka akapita.

"Huyo mwenye jeupe ana breki mbovu?"

Joshua alijibu akibadilisha gia. "Anaendesha vizuri sana, Baba. Ananishinda hata mimi. Leo sijui amepatwa na nini."

Gari jeupe lilirudi barabarani nyuma yake. Ambokile alikosea kona, likampita kwa kasi, na alipolikaribia tena, likashuka tena kwenye majani. Safari hii liligeuza pua upande wa kichakani, likampa mgongo. Magari mawili ya wageni yalipita yakipiga honi. Na ndani ya kispika, nyuma ya pumzi za Joshua, kutoka chumba kingine cha nyumba ile ya Mwanza, kilisikika kikohozi kidogo, kile ambacho Ambokile alikijua kutoka milangoni na uani, kikohozi cha mtu anayetoa taarifa kwamba yupo ili asionekane.

Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angemwachia njia hivyo. Mikono ya Hilda, kama ya mzee mwenyewe, ilikuwa imefanya ilichozoea kabla kichwa hakijaulizwa.

Ambokile alifunga breki. Angeweza kuzima mashine na kusema macho yamechoka. Kila mtu angeamini, heshima ingebaki mahali pake, na mambo yangekuwa kama jana. Angeweza kupita, na kupita tena, na kumwacha mhandisi yule akishinda kwenye majani kwa ajili yake alasiri nzima. Alitazama lile gari jeupe. Bibi zao walipanga vizuri nani ashuke njiani. Lakini yeye hakukumbuka kusikia popote kwamba mzee amekatazwa kushuka.

Akakata usukani kushoto, taratibu, akayaweka magurudumu yake kwenye majani. Kisha akawasha endiketa ya kushoto, akaiacha ipepese. Ni ishara ambayo dereva wa lori humpa aliye nyuma yake asiyeona mbele: njoo, pita, mimi nimeshaangalia. Aliwahi kuwasimulia Joshua na rafiki zake jambo hilo kwenye baraza ya Mwanza, jioni moja ya samaki na vicheko, na dirisha la jikoni nyuma yao lilikuwa wazi.

Gari jeupe halikusogea. Angelina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Halafu taa za lile gari ziliwaka mara moja, zikazima. Likageuza pua, likapanda lami, likampita polepole sana, na lilipofika mbele yake nalo likawasha endiketa ya kushoto. Ambokile akarudi barabarani, akalifuata. Waliteremka mlima hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, kona kwa kona. Gari lina mgongo tu kwa anayelifuata. Halina uso wa kutazamwa.

"Baba," Joshua alisema mwishowe, "mashindano yamekwisha. Mmebaki ninyi wawili tu."

"Usiongee na dereva," alisema Ambokile, lakini kwa sauti ndogo.

Jumapili, baada ya ibada, aliusogeza usukani pembeni mwa meza, akaweka karatasi. Barua ya kwanza ilianza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kama alivyofundishwa masomo ya jioni. Akaikunja akaitia mfukoni. Ya pili ilikuwa fupi.

"Mwanangu Hilda. Uji haukumwagika kwa sababu ulikuwa ukiujaza nusu, kisha unaongeza. Nilijua kwa uzito wa bakuli. Nilitaka kushukuru siku zile na sikuona njia. Asante kwa uji, asante kwa mkono, asante kwa barabara. Jumamosi ijayo ukiniona kwenye kioo, usishuke. Barabara ile ni pana na inatutosha. Kuhusu njia nyingine za hapa duniani, nakuachia uamue mwenyewe, nami nitafurahi kwa lolote. Nikija Mwanza, nitakohoa kwanza mimi."

Angelina aliona bahasha. "Ungemtumia ujumbe wa simu, Baba. Angeusoma sasa hivi."

"Sasa hivi ni karibu mno," alisema. Aliulamba ukingo wa bahasha, akaukunja, akaupitishia kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, kisha akarudia.

Jumatatu alikwenda Posta mwenyewe, na viatu vya kamba. Alibandika stempu, akaishika bahasha kwenye mdomo wa sanduku, vidole vikisita kidogo, vikaachia. Ilianguka juu ya barua nyingine kwa sauti ndogo. Ambokile alilizunguka lile sanduku mara moja, akalipiga teke dogo chini, akatazama kulia na kushoto, akaingia njiani.