Ipoze Bahari

Sweta la jirani yake wa meza pale ofisini lilikuwa bado linaning'inia kwenye kiti. Yule bwana aligoma kuchezea tarakimu za ramani za samaki. Kesho yake alichukuliwa pale mlangoni na watu wasiojitambulisha, na tangu hapo mkewe hupiga simu ofisini, inaita hadi inachoka.

"Mama Vijimea," Mkurugenzi alisema nyuma yake. Ofisi nzima ilimwita hivyo, kwa vile alishinda akikokotoa vijimea vya baharini ambavyo hata jicho halivioni. "Mbona ramani yako nyekundu tupu? Wageni wa meli kubwa wanasaini mkataba wa uvuvi leo. Tuwauzie jangwa?"

"Maji ya juu yana joto, bosi. Yale ya chini yenye rutuba hayapandi. Vijimea havioti, vijidudu vinavyovila vinakufa njaa, na dagaa..."

"Sijakuuliza dagaa. Ipoze bahari."

"Niipoze?"

"Joto tu, mwanangu. Vingine si vitajipanga vyenyewe?"

Kweli, vingejipanga. Ndivyo alivyoiunda hesabu yake: gusa joto, ngazi zote huitika, toka vijimea hadi samaki. Akalitupia jicho lile sweta. Akafuta joto, akaandika jingine dogo. Wekundu ukanywea, kijani kikatambaa, kikaivuka miamba, kikaenda kujaa mbali kabisa kwenye kina kirefu.

"Si unaona? Itume."

"Hata kwa manahodha?"

"Hao ndio wa kwanza. Wageni wanataka kuona boti zikitoka."

Haikupita muda, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, fundi injini kwenye boti ya uvuvi.

"Dada! Kijani kitupu! Nahodha anakusalimu, anasema ukikosa mume yeye yupo. Tunatoka sasa hivi, hadi kule nje kabisa. Mafuta ni ya kwenda tu. Ya kurudi tutabadilishana na samaki kwenye meli ya barafu inayowanunua huko huko."

Mkono wa Mkurugenzi ukatua begani kwake, mwepesi, kama wa baba.

"Dada? Ramani si yako hii?"

"Yangu," akasema. "Bebeni maji ya kunywa. Mengi."

"Ya nini, na kesho tumerudi?" Akacheka. Injini ikanguruma, simu ikakatika.

Kwenye kioo cha kompyuta samaki walizidi kuzaana, na kila walivyozaana walizidi kusogea mbali na pwani.